Bunduki Zilizolala Ugenini

1

Siku ya kura nilivaa fulana ya Mwavuli. Naanza na hilo nisije nikaonekana ninajificha, maana siku hizi ukizunguka Kaunti ya Morupus yote hutampata mtu anayekubali kwamba aliivaa. Pale Lotirae fulana hizo ziligawiwa bure, magunia kwa magunia. Leo ni matambara ya kupangusia pikipiki, na waliozivaa wana maelezo marefu ya jinsi walivyolazimishwa.

Mimi sikulazimishwa na mtu. Mimi, Selina Chepurai, msajili wa makomeo wa tarafa ya Lotirae, niliiomba fulana yangu mwenyewe na nikaomba ya pili ya kubadilisha.

Foleni ilianzia mlango wa shule ya msingi ikafika hadi josho la ng'ombe. Wanaume waliziacha bunduki zao zimeegemea ukuta wa darasa la nne, thelathini hivi, kila moja na taa yake ndogo nyekundu karibu na triga. Hakuna aliyezilinda. Bunduki yenye taa nyekundu ni fimbo nzito tu, hata watoto wanajua. Ndani yake kuna komeo, kidude cha chuma kisichozidi kibiriti, na komeo hilo halifunguki mpaka mnara uliambie lifunguke. Mnara wa Lotirae ndio ofisi yangu.

Na swali la kura lilikuwa hilo hilo: nani auambie mnara? Tangu makomeo yaje, kila kaunti ilikuwa na sheria yake. Kwetu vilihitajika vidole gumba vitatu, vya wazee watatu waliochaguliwa barazani. Wakiviweka kwenye pedi kwa pamoja, bunduki zote za upande wetu wa mto zinawaka kijani. Ukitaka iendelee hivyo, ulibonyeza picha ya Chungu, yaani kila nyumba ijipikie. Ukitaka sheria moja ya silaha kwa taifa zima, itungwe na kushikwa mji mkuu na kaunti isiiguse, ulibonyeza Mwavuli.

Kaka yangu Lokeris alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, kofia ya Chungu kichwani.

"Selina, hiyo fulana imekubana."

"Imekubana wewe roho."

"Mimi sitaki kufungiwa bunduki na mtu ambaye maziwa anayajua ya pakiti."

"Na mimi sitaki zifunguliwe na wazee watatu wenye hasira."

Hapo akaanza kuchezea kofia yake. Miaka mitano kabla ya hapo tuliibiwa ng'ombe mia mbili, na wazee watatu wakaweka vidole. Mume wangu Psiwa alikuwa miongoni mwa vijana waliovuka Mto Kalemur na bunduki zenye taa za kijani. Huko ng'ambo waliua watu kumi na tisa, wengine wao wanawake waliokuwa wanachota maji kisimani. Ng'ombe waliopatikana ni thelathini. Psiwa alirudishwa amefungwa kwenye shuka lake, juu ya punda ambaye hata hakuwa wetu.

Kidole cha tatu siku ile kilikuwa cha baba yangu.

Alikuja kwangu baada ya mazishi, akaketi, nikampakulia ugali. Alikula kwa mkono ule ule. Mwaka uliofuata naye akafa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini niliitaka sheria ikae mbali, mikononi mwa watu wasiotujua, jibu ni kwamba watu wanaotujua nilishawaona kazi yao.

Niliingia darasani, nikaweka kidole gumba kwenye pedi, juu ya Mwavuli. Pedi ikalia, taa ya kijani ikawaka. Lokeris akaweka chake juu ya Chungu. Kisha tukaenda pamoja kunywa chai, na chai alilipa yeye.

2

Mwavuli ulishinda nchi nzima. Kwetu Morupus ulishindwa vibaya, watu wanne kwa mmoja, lakini kura za Morupus zote hazijazi mtaa mmoja wa mji mkuu. Wiki ile sikupita sokoni.

Mabadiliko yalikuja kupitia mnara, kimyakimya. Pedi ya wazee ilikufa. Makomeo yakafundishwa neno jipya, makazi: duara la kilomita tano kuzunguka nyumba ya mwenye bunduki. Ukivamiwa ukiwa ndani ya duara lako, unabonyeza kitufe cha ombi. Komeo, ambalo siku nyingine zote hukaa bubu ili lisimalize betri, linasema lilipo. Ombi linafika mji mkuu, kwenye meza ya zamu ya Mamlaka ya Makomeo, afisa anaangalia picha kutoka angani, akiridhika anafungua. Walituahidi dakika tisa. Niseme kweli, katika majaribio yote hawakuzidi dakika saba, na mimi nilijivuna kama vile mfumo nimeuunda mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha makazi. Kila bunduki katika tarafa, elfu moja na mia nne za huku na za ng'ambo, niikague kwa macho na nijaze fomu ndani ya siku thelathini. Fomu ilikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Ipo. Haipo.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo aliyetunga fomu ile hakulijua, na sisi tunaolijua hatukukumbuka kumwambia. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote kwake. Unawagawa kwa marafiki, watatu huku, watano kule, ili ukame au wezi wakimaliza boma moja wasikumalize wewe. Na ng'ombe wako akienda kukaa kwa rafiki, bunduki yako huenda naye. Rafiki naye ana ng'ombe wake kwako, na bunduki yake iko kwako. Kila mtu anashika bunduki ya mwenzake. Wazee waliopanga hivyo hawakuwa wajinga: huwezi kwenda kumvamia mtu ambaye bunduki yako iko mkononi mwake.

Zamani haikuwa shida. Wale wazee watatu walijua kila bunduki inalala wapi. Lakini kwenye rejista yangu, kwa heshima, kila bunduki iliandikwa kwa mwenyewe, nyumbani kwa mwenyewe. Niliiandika hivyo mimi, kwa mkono wangu.

Niliuliza Mamlaka kwa barua nifanyeje na bunduki zilizowekwa kwa marafiki. Jibu lilikuja siku ile ile, na adabu zote: sheria haitambui silaha za kuazimana. Silaha iliyo nje ya makazi ya mwenyewe bila kibali imehamishwa kinyume cha Kifungu cha Kumi na Nne. Miaka mitano kwa mwenye silaha, miaka mitano kwa aliyeishika, na silaha yenyewe iyeyushwe.

Siku ya ishirini na sita nilifika Nakwapo, kwenye boma la Lokeris. Kulikuwa na bunduki kumi na moja. Nne zilikuwa za vijana wa hapo hapo. Saba zilikuwa za watu wa Karipun na Lomelo, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Bunduki aliyoishika kaka yangu mwenyewe ilikuwa ya Mzee Arupe wa Karipun. Yake ilikuwa kwa Arupe.

Mke wake, wifi yangu Chepotai, alituletea maziwa. Lokeris aliisoma barua ya Mamlaka pole pole, midomo ikicheza.

"Ukiandika ukweli?" akauliza.

"Watu kumi na wanne jela. Wewe mmoja wao."

"Ukiandika ziko kwao?"

"Hakuna atakayeguswa. Ila siku ya siku, hizo saba hazitafunguka hapa. Zitafunguka Karipun na Lomelo tu."

"Ambako haziko."

"Ndiyo."

"Hii sheria ilitungwa na nani, Selina? Niambie tu jina nimpelekee mbuzi."

Sikucheka. Nilimwambia wana siku nne, zirudishwe kwa wenyewe, kila mtu ashike yake, mambo yaishe. Lokeris aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani.

"Nimpelekee Arupe bunduki yake? Ng'ombe wake wako hapa, wanakula nyasi zangu, na mimi nimpelekee bunduki mlangoni? Atauliza amenikosea nini. Sisi wawili tumeshikiana miaka kumi na miwili na hatujawahi kugombana hata siku moja. Unataka tuanze leo kwa sababu ya kidude chako?"

"Nataka ubaki hai."

"Si ulisema watu wa mjini wana ndege? Si ulisema dakika tisa?" Aliinuka, akanigonga bega. "Andika ziko kwao. Nne zinatosha. Kwanza tangu mfunge za huku na za ng'ambo pamoja, nani amevuka mto? Wewe mwenyewe ndiye uliyenihubiria."

Kweli nilimhubiria. Tangu pedi ya wazee ife hapakuwa na wizi hata mmoja. Niliketi pale na tableti yangu mapajani, maziwa yakipoa, nikaona njia mbili, na ya uongo ndiyo iliyokuwa na huruma. Nilibonyeza Ipo mara saba. Nikaweka kidole gumba chini ya tamko kwamba nimeona kwa macho yangu. Kisha nikanywa maziwa yangu, na njia nzima ya kurudi nilijisikia mtu mwema.

3

Watu wa ng'ambo walikuja Jumanne, wiki ya sita baada ya hapo, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hawakuja na bunduki za makomeo. Walikuja na bunduki za kuchapisha, zile zinazotolewa kwenye mashine kama vikombe vya plastiki na kutupwa baada ya risasi hamsini. Hazina komeo, hazina rejista, hazijui Mwavuli wala Chungu.

Nilikuwa mnarani, ninabadilisha kichujio cha feni. Kwenye skrini Nakwapo ikawaka: maombi kumi na moja kwa mpigo. Mikono yangu ilitulia, kwa sababu mfumo ulifanya kile ulichoahidi. Dakika ya sita taa nne zikawa kijani. Saba zikabaki nyekundu, na chini yake maneno: nje ya makazi.

Simu yangu ikalia. Lokeris.

"Nne zimefunguka. Wao wako kama arobaini." Alikuwa anahema. Nyuma yake nilisikia watoto na milio mikavu ya zile bunduki za plastiki. "Selina, fungua hizi."

"Ngoja. Usikate simu."

Nikaiweka simu mezani ikiwa wazi, nikapiga meza ya zamu kwa redio. Akapokea mwanamume mwenye sauti tulivu, akajitambulisha, Afisa Mwandawiro. Nataka kumtendea haki mtu huyu. Alikuwa mwerevu na hakuwa na dharau.

"Ninaona, Madam. Nne nimefungua. Hizi saba siwezi."

"Ziko mikononi mwa wenye boma. Wanauawa."

"Madam, rejista inasema ziko Karipun na Lomelo. Wewe mwenyewe umethibitisha wiki sita zilizopita, umeona kwa macho yako. Leo zinajitokeza kwenye uvamizi Nakwapo. Mimi nikiangalia hapa, hizo ni bunduki zilizoibwa, na aliyezishika ni mwizi. Nikizifungua nitakuwa nimewaongezea silaha wale wanaoua."

Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema vile vile.

Sasa, nyuma yangu ukutani kulikuwa na swichi ya kuzima mnara. Kaunti ilipotunga sheria yake ya zamani iliogopa radi na upepo, ikaandika kwamba mnara ukizimika, makomeo yote yafunguke, watu wasije wakakutwa mikono mitupu. Mamlaka ilikuwa imeahidi kuja kuibadilisha mwezi ujao. Ningeivuta chini, baada ya dakika mbili zile saba zingewaka kijani. Na nyingine elfu moja na mia tatu na tisini hivi, huku na ng'ambo, zingewaka pia, nami nisingekuwa na njia ya kuzifunga tena mpaka mafundi waje kutoka mji mkuu kesho yake. Kila kijana wa Lotirae angejua kabla ya adhuhuri. Kila mwenye mtu wake katika yale makaburi kumi na tisa ya ng'ambo angejua pia. Jioni mto ungekuwa na maiti za watu ambao asubuhi ile walikuwa wanasuka nywele au wanalisha kuku.

Niliiwekea mkono. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi hapa wanasema sikuigusa. Ilikuwa ya baridi, na niliishika kwa muda ambao siujui. Nilimwona Psiwa juu ya punda wa watu. Nilimwona baba akila ugali.

"Selina," simu ikasema. Haikuwa kelele. Alikuwa ananiita tu, alivyokuwa akiniita nikichelewa kutoka mtoni.

Niliiachia swichi.

"Afisa," nikasema kwenye redio, "nilidanganya. Hizo bunduki hazikuwa Karipun. Zilikuwa Nakwapo siku niliyothibitisha. Niliziona hapo. Zimeazimwa."

"Madam, hiyo ni kauli nzito. Inarekodiwa."

"Rekodi. Fungua."

"Nitafungua. Lakini kila silaha ina faili lake. Kwa kila moja nahitaji jina la mwenyewe, jina la aliyeshika, na lazima nikusomee kifungu ukubali. Samahani sana. Bila hivyo mfumo hauniruhusu kubadilisha makazi."

"Zote pamoja!"

"Haina sehemu ya zote pamoja."

Basi nikaanza. Ya kwanza, mwenyewe Arupe wa Karipun, aliyeshika Lokeris wa Nakwapo. Akasoma Kifungu cha Kumi na Nne, mistari sita, alikuwa anakimbia kuisoma, maskini. Nakubali. Ya pili, mwenyewe Pkiach wa Lomelo. Kifungu. Nakubali. Nilikuwa ninataja majirani niliokula harusini kwao, nikiwataja wazi wazi kwa serikali, na upande wa pili wa meza simu ilikuwa inatoa milio ya risasi. Kila jina lilichukua dakika tatu, mara tatu na nusu.

Kwenye jina la nne simu ya Lokeris ilinyamaza. Haikukatika. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika kwenye kioo, lakini hakuna aliyekuwa akizungumza, na baadaye nilisikia ng'ombe wakiswagwa kwa miluzi.

Niliendelea mpaka la saba. Sikujua kufanya kingine.

Bunduki saba zilifunguka saa nne na dakika hamsini na moja. Ndege za doria zilifika dakika nne baadaye na kupiga picha nzuri sana. Wafu walikuwa tisa. Waliokwenda kuwaokota waliniambia zile bunduki zilikuwa zimelala kwenye vumbi karibu nao, kila moja na taa yake ya kijani.

4

Siku tano baada ya mazishi lori la polisi lilikwenda Karipun na Lomelo. Walikuwa na orodha, na orodha ilikuwa na sauti yangu. Walioshika bunduki karibu wote walikuwa wamekufa, kwa hiyo walichukuliwa wenye bunduki, saba. Lori likasimama Lotirae kujaza mafuta, mbele ya mnara. Mzee Arupe alikuwa amekaa pembeni ya lori, pingu mikononi. Alikuwa amefiwa na rafiki wa miaka kumi na miwili na hakupata nafasi ya kumlilia.

"Habari ya asubuhi, mwanangu," aliniambia.

"Nzuri, Mzee."

"Bunduki ya kaka yako iko kwangu. Walipoiulizia nilisema sijui iliko. Iko darini. Mwambie wifi yako."

Wengine sita walitazama upande mwingine.

Mimi sikuguswa. Nilikuwa nimekiri kwa hiari, na sheria inawapenda wanaokiri. Badala yake ilikuja barua yenye muhuri, ikasomwa na mkuu wa tarafa mbele ya wafanyakazi wenzangu. Ilisema kwamba katika tukio la Nakwapo, licha ya shinikizo kubwa, hakuna komeo hata moja lililofunguliwa nje ya utaratibu, na ulipizaji kisasi haukutokea. Msajili alipongezwa kwa kulinda mfumo. Wenzangu walipiga makofi mawili matatu. Niliikunja barua, nikaiingiza kwenye ile feni, na ikakwama, ikabidi niitoe vipande vipande.

Na ni kweli kisasi hakikutokea. Hilo ndilo linaloniuma. Nikilala najaribu kuwahesabu wale ambao hawakufa siku ile kwa sababu niliiachia swichi, na siwezi, kwa sababu watu ambao hawakufa hawana majina. Wale tisa ninayo ya wote.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi Chepotai alikuja kwangu. Hakuwa amekanyaga hapa tangu msiba. Alikuwa amenyoa nywele, na chini ya shuka alikuwa amebeba pedi ya kidole. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Chungu wanakusanya saini kura irudiwe," alisema. "Kila kaunti irudishiwe sheria yake. Zimebaki chache."

"Nimesikia."

"Wewe hujaweka."

"Wifi, unajua kilichompata Psiwa. Unajua vidole vitatu vilifanya nini."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuosha uso siku ile." Aliiweka pedi mezani, juu ya kitambaa. "Kura ikishinda wazee watakuwa watatu tena. Wawili wapo. Nafasi ya baba yako iko wazi. Barazani wamekubaliana kidole cha tatu kiwe chako."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Changu? Nusu ya tarafa hainisalimii."

"Ndiyo maana. Wanasema una deni." Sauti yake haikupanda. "Walioingia Nakwapo tunawajua. Majina yao, na maboma yao, na visima wanavyonywesha. Vijana wanangoja taa tu. Wewe ulituchelewesha. Sasa utatuharakisha."

Kwa hiyo hicho ndicho kilichokuwa juu ya meza yangu. Nilikiona chote hadi mwisho wake: foleni, pedi, kura, wazee wawili na mimi, taa za kijani, mto. Na kisima, na wanawake wakichota maji. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba huko ng'ambo pia kuna mtu kama yeye, amesimama nyumbani mwake na kichwa kimenyolewa. Nilimwambia Mwavuli ulimuua Lokeris na Chungu kilimuua Psiwa, na mimi nimechoka kuchagua kitu cha kutuua. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Nilimwambia sitaweka.

Chepotai alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akakaa.

"Nilikuwa naye," alisema. "Mimi na watoto tulikuwa nyuma ya zizi la mbuzi, yeye mbele yetu. Risasi za wale vijana wanne zilipoisha, vijana walitaka tukimbilie korongoni. Muda ulikuwapo. Korongo liko hapo hapo, unalijua. Lokeris akasema hapana, tusihangaishe watoto. Alikuwa ameshika ile bunduki ya Arupe, anaangalia ile taa. Akasema, 'Dada yangu yuko mnarani. Kuna swichi, aliwahi kunionyesha. Hawezi kutuacha.' Akasema tungoje dakika mbili."

Nje, jirani alikuwa anaita mbuzi wake. Chepotai alijifunika shuka vizuri.

"Tukangoja," akasema.

Sikumbuki kufikiri. Wala sikuona kwamba yeye yuko sahihi, sikuona hivyo wakati ule na sioni leo. Niliivuta pedi, nikaweka kidole gumba. Ililia mara moja, taa ya kijani ikawaka papo hapo, wala haikuniuliza swali lolote.